Je, teke la mzinga mmoja lilisimamisha meli ya Fifi katika ziwa letu?

Wasomi wenzangu, hasa ninyi mnaojiandaa kwa Exetat, na ninyi mliomaliza mkadhani fizikia mmeiacha shuleni, leo nataka tuchunguze sentensi moja tu ya historia. Inahusu ziwa Tanganyika, hili hili ambalo mawimbi yake yanapiga ufukwe wa Baraka. Vita ya 1915 na 1916 inaposimuliwa, sentensi hiyo haikosi. Inasema hivi: tarehe 9 Februari 1916, meli ya Waingereza iliyoitwa Fifi ilikuwa inaifukuza meli ya Wajerumani, ilipofyatua mzinga wake mkubwa wa mbele, teke la mzinga likaisimamisha palepale majini, na Mjerumani akapata nafasi ya kwenda mbali.

Mimi nimesoma kilimo, si historia wala fizikia. Lakini niliposoma maneno hayo nilitafuta kalamu, maana hiyo si habari ya kuamini au kukataa kwa moyo tu. Hiyo ni hesabu. Na hesabu yenyewe sote tuliifundishwa katika humanités, chini ya kichwa kinachoogopesha wengi: mgongano wa kunata, ule ambao madaftari yetu yanauita choc mou.

Kwanza tukumbushane vita yenyewe. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa Kigoma, Wabelgiji walikuwa upande wetu. Mwezi Agosti mwaka huo Wajerumani waliiharibu Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, na toka hapo ziwa likawa lao. Walikuwa na Kingani na Hedwig von Wissmann, na mwaka 1915 wakashusha majini pale Kigoma meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen. Hiyo Götzen walikuja kuizamisha wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaiibua baadaye, na ndiyo ile Liemba. Ndiyo, Liemba ile ile ambayo mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka Tanzania kuja upande huu wa ziwa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba hii ni vita ya wazungu isiyotuhusu.

Waingereza walijibu kwa kutuma boti mbili za mbao zenye mwendo wa kasi, Mimi na Toutou (samahani, jina la boti ni Mimi kweli, si mimi ninayeandika), chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikaenda kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume huko Katanga, zikavutwa na mashine za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikashuka Lualaba, zikapanda treni tena Kabalo, na mwisho wa Oktoba zikafika karibu na mdomo wa Lukuga, pale Kalemie ya leo. Vitabu hupenda sana kumcheka Spicer-Simson kwa sababu alivaa sketi. Mimi huwafikiria zaidi wafanyakazi wa Kiafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja. Boti haipandi mlima yenyewe.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo zikaikamata Kingani. Waingereza wakaitengeneza, wakaibatiza Fifi, wakaiwekea mbele mzinga wa kurusha kombora la ratili 12. Wiki sita baadaye ikatoka kuifukuza Hedwig, na hapo ndipo sentensi yetu inapozaliwa.

Sasa tuache mzinga kidogo, twende bandarini.

Mvuvi wa kilo 60 anakimbia kwenye gati kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, anarukia mtumbwi wa kilo 180 uliotulia bila kamba. Mtumbwi utaondoka na mwendo gani? Kila mtoto wa Baraka ameuona mchezo huu. Mvuvi peke yake alikuwa na kiasi cha mwendo 60 × 2, yaani 120. Akishatua, mvuvi na mtumbwi wanakuwa kitu kimoja cha kilo 240. Kiasi cha mwendo hakipotei, kinagawanywa tu kwa mzigo mkubwa zaidi: 120 gawanya kwa 240, sawa na mita 0.5 kwa sekunde. Hesabu imekwisha.

Lakini angalia nishati ya mwendo. Kabla ya kutua mvuvi alikuwa na nusu ya 60 × 2 × 2, yaani juli 120. Baada ya kutua, mvuvi pamoja na mtumbwi wana nusu ya 240 × 0.5 × 0.5, yaani juli 30. Juli 90 zimekwenda wapi? Zimekwenda magotini kwa mvuvi, kwenye ubao ulioguna, kwenye joto dogo lisilosikika. Hazikufa, ila zimetoka kwenye mwendo. Huo ndio mgongano wa kunata. Kiasi cha mwendo kinabaki kizima, nishati ya mwendo inakatwa, na jinsi kile kinachopokea kilivyo kizito kuliko kinachokuja, ndivyo sehemu inayokatwa inavyokuwa kubwa.

Usidhani wakubwa wa sayansi waliliona hili kwa siku moja. Mwaka 1668 chama cha wanasayansi cha London kiliomba watu walete sheria za migongano. Wren na Huygens walileta za vitu vinavyorudishana, John Wallis akaleta za vitu visivyorudi, vinavyobaki pamoja. Kisha mwaka 1686 Leibniz akaja kusema kwamba wafuasi wa Descartes wanapima kitu kibaya: nguvu ya kitu kinachotembea ipimwe kwa uzito mara mwendo mara mwendo tena. Ugomvi ukaendelea zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1720 Mholanzi Willem 's Gravesande aliangusha mipira ya shaba kwenye udongo laini wa mfinyanzi na kupima mashimo. Mpira wenye mwendo mara mbili haukuchimba shimo mara mbili, ulichimba mara nne. Émilie du Châtelet, mwanamke Mfaransa, akaliandika jambo hilo vizuri mwaka 1740 na kulitetea. Leo tunajua kambi zote mbili zilikuwa na haki, ila kila moja ilikuwa inapima kitu chake. Wa kwanza walipima kile kinachopita kizima kwenye mgongano, wa pili walipima kile kinachochimba shimo.

Aliyeileta hesabu hii kwenye mizinga ni Mwingereza Benjamin Robins, katika kitabu chake cha 1742. Wakati ule hakuna saa wala chombo cha kupima mwendo wa risasi. Yeye akaning'iniza gogo zito kama pembea, akalipiga risasi. Risasi inazama ndani ya gogo, gogo linapanda kidogo, unapima limepanda kiasi gani, unarudi nyuma kwa hesabu hadi mwendo wa risasi. Ni ujanja mtupu, na ni ujanja ambao bado unaangusha wanafunzi wetu kwenye mtihani.

Tuufanye na sisi. Risasi ya gramu 30 inakuja na mita 500 kwa sekunde, gogo lina kilo 20. Kiasi cha mwendo ni 0.03 × 500, sawa na 15. Gawanya kwa kilo 20.03, unapata karibu mita 0.75 kwa sekunde. Gogo lenye mwendo huo linapanda kama sentimita 3 tu. Sasa mwanafunzi mwenye haraka anasema: nishati haipotei, mwalimu alisema. Anachukua juli 3,750 za risasi, anazipeleka zote kwenye kupanda kwa gogo, anapata mita 19. Mita 19! Gogo la kilo 20 lipite juu ya mwembe kwa sababu ya risasi moja. Angefikiria mwembe asingeandika jibu hilo. Kwa kweli, kati ya juli 3,750 zilizoingia, zilizobaki kwenye mwendo hazifiki 6. Nyingine zote zimepasua mbao na kuzipasha moto.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Wakati wa kugongana tumia kiasi cha mwendo peke yake. Vikishashikana na kuanza kupanda, hapo ndipo nishati inaruhusiwa kurudi kazini. Ukichanganya hizo nafasi mbili, jibu linaruka mwembe.

Turudi majini. Teke la mzinga ni mgongano wa kunata uliotanguliwa na mlipuko. Baruti inasukuma kombora mbele na mtutu nyuma, kwa viasi vya mwendo vilivyo sawa. Alafu mtutu unaorudi nyuma unakamatwa na kitako chake, kitako kimefungwa kwenye meli, na mwisho wake mtutu na meli vinakwenda pamoja, sawasawa na mvuvi na mtumbwi wake.

Na tunajua kinachotokea mtutu usipokamatwa, maana ilitokea kwenye boti hizi hizi. Juni 1915, kabla ya safari, Mimi ilijaribiwa kwenye mto Thames na mzinga wake wa ratili 3. Inasimuliwa kwamba kombora lilipiga shabaha vizuri kabisa, lakini mzinga haukuwa umefungwa sawasawa kwenye sitaha, na mzinga pamoja na mpigaji wake wakarushwa mtoni. Sentensi hiyo naiamini bila shida, kwa sababu hesabu inaikubali. Tuseme teke ni 1,200 (kilo mara mita kwa sekunde) na mzinga una kilo 250. Ukiachwa peke yake unaondoka na karibu mita 5 kwa sekunde, kama baiskeli inayoshuka mteremko wa Fizi. Mtu aliyesimama nyuma yake atakwenda nao tu.

Sasa Fifi. Nitaipendelea sentensi kadiri ninavyoweza. Ratili 12 ni kama kilo 5 na nusu. Nalipa kombora mita 700 kwa sekunde, mwendo wa ukarimu kwa mzinga wa namna hiyo. Hapo ni 3,850. Moshi na gesi ya baruti navyo vinasukuma, kwa hiyo naongeza na kufika 5,500. Uzito wa Kingani unaotajwa kwa kawaida ni tani 45. Mwendo wa meli, tuseme mita 3 kwa sekunde, kama kilomita 11 kwa saa, yaani meli ya mvuke inayokaza kidogo.

Gawanya 5,500 kwa 45,000. Unapata mita 0.12 kwa sekunde.

Basi. Kombora moja linaitoa Fifi kutoka mita 3 hadi mita 2.88 kwa sekunde. Ni asilimia 4. Ili isimame kabisa ingebidi irushe makombora kama 25 kwa mpigo mmoja. Kama unadhani tani 45 ni nyingi mno, punguza hadi 30: bado unahitaji 17. Ili kombora moja lisimamishe chombo kinachokwenda mita 3 kwa sekunde, chombo hicho kisizidi tani 1.8. Hiyo si meli, hiyo ni boti ya kuvulia ndagala, tena yenye samaki wachache.

Nilidhani kazi imeishia hapo, sentensi ni ya uongo, tufunge daftari. Lakini mabaharia hawakuwa watoto. Waliokuwa juu ya Fifi waliona kitu fulani ambacho kiliwafanya waseme meli imesimama. Historia nzuri haimwiti shahidi mwongo kabla ya kuuliza amehisi nini. Na jibu liko kwenye ile hesabu ya pili, ya nishati, ambayo wanafunzi wengi wakishapata mwendo hawaiangalii tena.

Chukua mtutu wa kilo 500, namba ya mfano. Teke la 5,500 linaupa mita 11 kwa sekunde kurudi nyuma. Nishati yake ni nusu ya 500 × 11 × 11, yaani juli 30,250. Ukishakamatwa na meli, mtutu na meli pamoja vinabaki na juli zisizozidi 340 za teke hilo. Maana yake karibu asilimia 99, juli kama 30,000, zimeingia ndani ya meli bila kuisogeza. Unataka kuzijua juli 30,000? Ni mfuko wa simenti wa kilo 50 ulioanguka kutoka mita 61. Sehemu kubwa inamezwa na breki ya mzinga, kama breki iko vizuri, na inayobaki inaingia kwenye mabati na misumari, na kwenye miguu na meno ya watu. Tena mzinga uko mbele na juu, kwa hiyo pua ya meli inatikiswa kila mara. Wewe uliyesimama pale, ukiwa unaikazia macho Hedwig, utaapa kwamba meli imegonga mwamba. Mwili wetu hauna chombo cha kupima kiasi cha mwendo cha tani 45. Una chombo cha kupima mshtuko.

Watu wa kilimo tunalijua jambo hili kwa njia nyingine, na mniruhusu kidogo. Tone kubwa la mvua linashuka kwa mita kama 9 kwa sekunde na kunata kwenye shamba. Kiasi chake cha mwendo kinaingia kwenye dunia nzima, na dunia haisikii chochote. Lakini nishati yake yote imepotea palepale, kwenye milimita chache za udongo, inapasua vibonge na kurusha chembe. Ndiyo maana Wischmeier na Smith kule Marekani, katika miaka ya 1950, walipotaka kukadiria udongo unaoondolewa na mvua, walihesabu nishati ya matone na ukali wa mvua. Ule ni mfinyanzi wa 's Gravesande tena, safari hii ukiwa kwenye mteremko. Nikiona mashamba ya muhogo yaliyo uchi kwenye vilima juu ya Mutambala mwezi wa Novemba, naona migongano ya kunata mamilioni kwa mamilioni, na mto unashuka mwekundu kuelekea ziwani. Majani makavu yaliyotandazwa shambani ni breki ya mzinga. Hayapunguzi mvua hata tone moja, yanachagua tu nani apokee pigo.

Tumalizie Fifi. Je, ilipunguza mwendo katika ile mbio? Ndiyo, naamini ilipunguza kidogo. Kila kombora lilikuwa linakula asilimia 4, na injini inahitaji muda kurudisha kilichokatwa. Ukirusha moja baada ya jingine bila kupumzika, mwendo wa wastani unashuka. Kwa meli ambayo tayari ilikuwa inahangaika kumfikia adui, kushuka huko kunatosha kuongeza nafasi kati yao. Na kilichotokea baadaye kinaonyesha kwamba Fifi haikuwa imeishiwa: Mimi iliwahi mbele kwa kasi yake, ikaisumbua Hedwig, ikailazimisha kugeuka geuka, Fifi ikafika. Makombora yalikuwa yamebaki machache sana, moja likakwama ndani ya mtutu, watu wakasubiri kwa jasho, kisha yaliyofuata yakaipata Hedwig, ikazama siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mimi sentensi hiyo ningeiandika upya hivi: Fifi ilipofyatua mzinga wake ilitikisika vibaya hadi watu wakadhani imesimama, na mwendo wake ukapungua kidogo kwa kila kombora. Ni ndefu zaidi, haina utamu wa ile ya kwanza, lakini inapita kwenye mizani.

Anayetaka mazoezi achukue Mimi yenyewe, tani 5 hivi, na teke lile la 1,200. Utapata mita 0.24 kwa sekunde, mara mbili ya Fifi, na hakuna kitabu nilichosoma kinachodai kwamba Mimi ilisimama. Kinachosemwa ni kwamba mzinga wake ulikuwa salama kufyatuliwa ukiwa umeelekea mbele tu, maana kuufyatua kwa pembeni kungeweza kuharibu boti. Chora boti ya mbao ikitazamwa kutoka juu, weka teke ubavuni badala ya kwenye mstari wa urefu wake, kisha ujiulize zile juli zinapita kwenye mbao zipi.